Boila ya kuni uani inakula kuni na nyumba bado baridi: tatizo liko wapi?

Swali: "Shikamoo fundi. Mwezi wa nane tulinunua nyumba ya zamani ya shambani, nje kidogo ya mji wa Utica, jimbo la New York. Uani kuna boila ya kuni, ni kama kibanda cha bati chenye dohani fupi, inapasha maji yanayopita kwenye mabomba chini ya ardhi hadi ndani. Aliyetuuzia alisema inachoma kitu chochote. Tangu Desemba naijaza asubuhi na usiku. Kuni tulizonunua Septemba zimebaki robo, na chumba cha watoto bado ni baridi. Mlangoni kinachuruzika kitu cheusi kama lami. Jirani ameshakuja mara mbili kulalamikia moshi. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, kuni nazijua, lakini hili dude limenishinda. Niliuze chuma chakavu?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiliuze. Kwa dalili ulizoandika, boila yako si mbovu, inalishwa vibaya tu, na aliyekuambia inachoma kitu chochote ndiye aliyekuponza. Kauli hiyo naijua. Nilianza kazi ya moto Mufindi, kwenye boila ya kiwanda cha chai, tukilisha magogo ya mikaratusi, na sasa miaka mingi nazunguka vijiji vya kaskazini ya New York na mfuko wa spana. Karibu kila nyumba yenye boila uani imeuzwa na maneno hayo hayo.

Nikuulize wewe uliyekulia Nyarugusu: mama angekubali umletee kuni mbichi? Ungezisikia zikilia kwenye mafiga, zinatoa povu kwenye ncha, macho yanawasha, na maharage hayaivi. Kesho moto ukiwa umeshika, sogea karibu na mlango wa boila usikilize. Nadhani utasikia kilio kile kile, ila huku kimefungiwa nyuma ya chuma na feni.

Kuni ulizonunua Septemba na kuanza kuzichoma Desemba zimekaa miezi mitatu. Kama ni mwaloni, hapo bado hujaanza. Mwaloni uliopasuliwa na kupangwa vizuri unataka kiangazi kizima, mara nyingi viwili, ndipo ukauke. Gogo la kilo 10 la mti uliokatwa jana laweza kubeba kilo 4 hata 5 za maji matupu. Maji hayo lazima moto wako uyachemshe na kuyageuza mvuke, na kazi hiyo ya kuyageuza mvuke peke yake inakula joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi kuanza kuchemka. Joto hilo umelilipia, nalo linapanda na dohani kwenda kuwapasha ndege.

Nunua kipima unyevu, kile kidogo chenye sindano mbili, utakipata kwenye duka lolote kubwa la vifaa vya ujenzi. Wengi wanakitumia vibaya. Wanachomeka sindano kwenye ncha ya kuni, na ncha ndiyo inayokauka kwanza, kwa hiyo wanapata jibu tamu la uongo. Chukua kuni moja, ilaze ndani usiku mmoja, maana kuni iliyoganda kwa baridi inakivuruga kipimo. Asubuhi ipasue katikati, halafu chomeka sindano kwenye uso uliofunguka sasa hivi, kwa kufuata nyuzi za mti. Ikisoma asilimia 20 au chini, choma. Ikisoma 35, hiyo ni kuni ya mwaka ujao, haijalishi muuzaji alikuapia nini.

Na kwa kuwa nimemtaja muuzaji: alikupimia vipi? Huku kuni zinauzwa kwa rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128, kama mita za ujazo 3.6 hivi. Wenyeji wanaliita "cord". Sitaliita kodi, kodi tulizonazo zinatutosha. Sasa kuna rundo jingine, nalo lina urefu wa futi 8 na kimo cha futi 4, lakini kina chake ni kuni moja tu, inchi 16 au karibu na hapo. Ukilitazama kwa mbele yanafanana kabisa. Ukipima, la pili ni theluthi ya la kwanza. Watu wetu wengi wamelipa bei ya zima wakaletewa theluthi, halafu Januari wanaambiana boila inakula kuni. Siku nyingine toka na futi ya kupimia kabla lori halijaondoka.

Turudi kwenye lami. Jiko la kuni la ndani lina kuta za chuma kikavu au matofali, zinapata moto sana, na moto wenyewe unasaidiwa na kuta hizo. Boila yako haina bahati hiyo. Tumbo lake la moto limezungukwa na maji, mia kadhaa za lita, na ukuta wenye maji mgongoni hauwezi kuyazidi sana maji hayo kwa joto. Moto unawaka katikati ya kuta ambazo kwake ni baridi. Moshi wa kuni mbichi umejaa mvuke na mafuta ya mti yasiyoungua, ukigusa kuta hizo unatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Jasho hilo ndilo linalochuruzika mlangoni kwako. Lina asidi inayotafuna chuma taratibu, na likigandia ndani ya dohani linaweza siku moja kushika moto huko huko juu.

Kuna jambo la pili linaloizalisha lami, nalo ni usingizi. Boila za kizamani zina akili moja tu. Maji yakipoa, kidirisha cha hewa kinafunguka na feni inapuliza. Maji yakifika joto lililopangwa, kidirisha kinajifunga. Kikijifunga kuni hazizimiki, zinasinzia. Hazina hewa ya kuwaka wala haziachi kufuka, na moshi wa namna hiyo ndio mzito, wa rangi ya maziwa, unaotambaa chini hadi kwa jirani. Sasa piga picha: unaamka, nje ni nyuzi 2 za Selsiasi juu ya sifuri, unaijaza boila mpaka mdomoni ili usirudi hadi jioni. Nyumba siku hiyo inataka joto kidogo. Moto unafanya kazi dakika chache, unalazwa muda mrefu, unaamshwa tena, hivyo hivyo mchana kutwa. Umechoma mzigo wa kuni na nusu yake umeipika kuwa lami.

Jaza kwa kutazama hali ya hewa, usitazame ukubwa wa mlango. Usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, jaza. Siku theluji inapodondoka matone kwenye paa, weka kuni chache zilizopasuliwa nyembamba, ziwake kwa nguvu ziishe, kibaki kitanda cha makaa. Ndiyo, inamaanisha kurudi uani mara tatu badala ya mbili. Najua kazi za zamu zilivyo, lakini hapa sina njia ya mkato ya kukupa.

Kosa la tatu pengine hujalifanya, ila ukianza kubana matumizi utalifanya, kwa hiyo nilitaje: usishushe joto la maji ukidhani unaokoa kuni. Boila hizi kwa kawaida hupangwa nyuzi 180 za Fahrenheit, ndizo 82 za Selsiasi. Ukiishusha hadi 140, kuta zinazidi kuwa baridi na jasho linaongezeka. Kinachohesabika zaidi ni maji yanayorudi kutoka nyumbani. Yakirudi chini ya 140, sawa na 60 za Selsiasi, tumbo litalia lami hata kwa kuni kavu. Kuna valvu ya joto inayofungwa kwenye bomba nyuma ya boila, inayazungusha maji pale pale mpaka yapate moto ndipo inayaachia kwenda nyumbani. Kama boila yako haina, hicho ndicho kifaa cha kwanza ningekifunga.

Chumba cha watoto sasa. Chukua kipimajoto cha kuelekeza kama bastola. Pima bomba la kwenda nyumbani pale linapotoka kwenye boila, halafu bomba lile lile linapochomoza ndani ya ukuta wa nyumba. Bomba likiwa la shaba, bandika kwanza kipande cha utepe mweusi upime juu ya utepe, maana kipimajoto hicho kinadanganywa na kitu kinachong'aa. Kati ya sehemu hizo mbili usipoteze zaidi ya nyuzi moja au mbili za Fahrenheit. Ukikuta tofauti ya nyuzi 8 au 10, unaipasha ardhi.

Lakini hata kabla ya kununua kipimajoto, subiri theluji mpya ianguke usiku, asubuhi simama dirishani. Mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba moja ambayo mwenyewe alikuwa amebadilisha pampu mara mbili na nyumba haipati moto. Sikufungua hata mfuko. Kutoka kwenye boila hadi ukutani palikuwa na mstari wa majani mabichi katikati ya theluji ya futi moja, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Aliyefukia mabomba aliyafunga kwa sponji ya bei rahisi ndani ya bomba la plastiki, maji ya ardhini yakaingia, na bomba la moto likawa linaogelea. Hiyo haina dawa ila kuchimba na kulaza bomba lililopakwa povu la kuzuia joto kiwandani, na kazi hiyo inafanyika kiangazi. Kwako, kama theluji imelala sawasawa uani pote, mabomba yako mazima, uingie ndani.

Ndani, maji ya moto huwa yanapita kwenye kitu kama rejeta ya gari, kimewekwa juu ya tanuri la zamani la hewa, lile linalopuliza hewa ya moto vyumbani. Kitoe kichujio cha hewa, mulika tochi kwenye mapezi ya rejeta. Nimekuta mengine yameziba kwa vumbi na manyoya ya paka mpaka huoni upande wa pili. Chumba kimoja kikiwa baridi na vingine vina moto, lawama ni ya njia ya hewa inayokwenda chumba hicho, au dirisha lake, boila haihusiki.

Maji yenyewe watu huyasahau kabisa, na hapo ndipo boila nyingi zinapofia. Boila ya namna yako haina presha. Juu yake kuna tundu au kifuniko cha kupumulia, na mtu asije akakuambia ukizibe ili maji yasipungue, maana ukikiziba umetengeneza bomu. Tazama kipimo cha kina cha maji kila wiki. Kikishuka bila boila kuwahi kuchemka, mna tundu mahali. Maji ndani yawe na dawa ya kuzuia kutu, ile iliyotajwa na mtengenezaji, na mara moja kwa mwaka yapimwe. Watengenezaji wengi hupokea chupa ya sampuli kwa posta. Kila unapoongeza maji mapya ya bomba unaingiza hewa mpya na kuipunguza nguvu dawa, kwa hiyo anayeongeza ndoo kila wiki analisha kutu.

Mlango. Katika majira yangu ya kwanza ya baridi huku niliufungua kwa haraka, moto ukiwa umesinzia, nikaenda nyumbani bila nyusi. Moshi uliofungiwa humo ni gesi inayosubiri hewa. Zima feni, fungua kidogo upana wa vidole viwili, simama pembeni mlango ukiwa kati yako na tumbo, hesabu hadi thelathini, ndipo ufungue wote. Watoto wasikaribie.

Majivu usiyatoe yote, acha kitanda chembamba cha makaa. Unayoyatoa yaingie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko wa chuma, ikae juu ya udongo au jiwe mbali na nyumba, isiwekwe kwenye veranda ya mbao. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai kwa siku kadhaa.

Kuhusu kitu chochote kuchomwa: mbao za rangi, mbao zilizotiwa dawa, plastiki, matairi, taka za jikoni, hapana. Mbao za kijani za veranda za kabla ya 2004 nyingi zilitiwa dawa yenye aseniki, na aseniki haiungui, inabaki kwenye majivu na moshi. Hata majani makavu na magazeti ya mafungu hayana kazi humo zaidi ya kuwashia.

Umeme ukikatika, pampu inasimama, lakini moto hausimami. Uwe na jenereta ndogo, na ikae nje kabisa ya nyumba na banda kwa sababu ya gesi ya sumu. Kama huna, hakikisha kidirisha cha hewa kimejifunga, acha mlango umefungwa, usimwage maji motoni. Ukimwaga maji kwenye chuma kilichopata moto kinaweza kupasuka. Na tanuri lako la zamani la gesi au mafuta lisitolewe. Usiku boila itakapogoma, na itagoma, mabomba ya nyumba yataganda kabla hujampata fundi. Mwambie pia wakala wa bima kwamba una boila ya kuni, kabla hajagundua mwenyewe baada ya moto.

Jirani. Nenda wewe, usimtume mtoto anayejua Kiingereza akusemee, mambo haya mtoto hayabebi. Muulize moshi unamfikia saa ngapi na kama kuna mwenye pumu ndani. Moshi wa asubuhi zenye baridi kali bila upepo haupandi, unakaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, na dohani yako fupi inaumwaga usawa wa madirisha yake. Tangu 2011 jimbo la New York linataka boila mpya ya nje ya nyumba ya kawaida ikae angalau futi 100 kutoka mpaka wa kiwanja na dohani yake ifike futi 18 kutoka chini. Yako ni ya zamani, lakini namba hizo zinakupa kipimo cha busara, na ofisi ya mji wenu inaweza kuwa na kanuni zake kali zaidi, kapitie uulize. Kurefusha dohani kwa vipande vya aina ile ile, na waya za kuishikilia, ni kazi ya siku moja na mara nyingi inamaliza ugomvi nusu. Nusu nyingine itamalizwa na kuni kavu. Siku ukiamua kununua boila mpya, ujue kanuni za taifa zilikazwa Mei 2020, na zinazouzwa sasa zinatoa moshi kidogo mno ukilinganisha na hiyo uliyorithi. Ila zenyewe zinakataa kabisa kuni mbichi, zinazima.

Sasa hivi ni Januari na umebaki na robo ya kuni mbichi. Usizichome peke yake. Tafuta kuni zilizokaushwa kwa tanuri, ghali kweli, au kuni za mti uliokufa ukiwa umesimama, uzipime kwanza. Wengine wanapata viwandani bure mbao za vichanja vya kubebea mizigo, wenyeji wanaviita "pallet". Chukua zenye mhuri wa HT tu, maana HT ni zilizotiwa joto, na zenye MB zilifukizwa sumu, ziache. Pasua zako nyembamba kama mkono, uchanganye kidogo kidogo na kavu, mara moja kwa siku uuache moto uwake kwa nguvu bila kulazwa ili ukuta ukauke. Kuni usizinunue mbali: New York hairuhusu kuni ambazo hazikutiwa joto zisafirishwe zaidi ya maili 50, yaani kilomita 80, kwa sababu ya wadudu wanaosafiri ndani yake.

Aprili ukiizima, usifunge mlango ukaondoka. Kwangua kuta zote mpaka uone chuma, toa majivu yote safari hii, piga brashi dohani, funika juu mvua isiingie. Majivu yakipata unyevu yanakuwa yale maji makali ambayo bibi zetu waliyachuja kupata magadi, na yakikaa miezi sita yametulia kwenye chuma pamoja na lami, boila inatoboka kwenye kiangazi ambacho hukuiwasha hata mara moja. Maji ndani yaache yamejaa na dawa yake. Na mwezi huo huo, kabla ya kufanya lolote jingine, agiza kuni za majira yajayo, uzipange juu ya vipande vya mbao upepo upite chini, ufunike juu tu, pembeni uache wazi.

Ukishapima kuni moja na lile bomba sehemu mbili, niandikie namba tatu hizo. Pamoja nazo nipigie picha ya uani asubuhi baada ya theluji.